Kwa, Ushirika na Limited: Uhakiki wa Majina ya Kampuni Kutokea Kwa Sadala

Utangulizi

Katika masomo yetu ya uhakiki tunafundishwa kwamba jina la mhusika halitolewi bure. Tukisoma Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, hatuwapiti hivi hivi Karama na Majivuno. Tunasimama, tunauliza mwandishi kakusudia nini, na mtihani ukija tunajaza kurasa kuhusu matumizi ya majina ya kimajazi. Lakini mwanafunzi huyo huyo akitoka darasani na kupita chini ya bango lenye jina la kampuni, hana la kusema. Kwake yeye hiyo si fasihi, ni biashara za watu.

Makala haya yanaupinga mgawanyo huo. Hoja yangu ni kwamba jina la kampuni ni matini kama matini nyingine, isipokuwa ni fupi mno. Lina fani na lina maudhui. Lina historia, na lina anayesema na anayeambiwa. Tena lina jambo moja ambalo riwaya haina: watu hutoa fedha zao kwa kuliamini. Asiyejua kusoma riwaya atakosa burudani na mafunzo. Asiyejua kusoma jina anaweza kukosa hata mtaji.

Wapo watakaosema kwamba jina la kampuni halina mtunzi anayejulikana, na kwamba lengo lake ni kuuza. Sawa. Methali nayo ina mtunzi gani? Na maandishi ya kanga, ambayo wahakiki wetu wameyakubali siku nyingi kuwa ni fasihi, si yanauzwa? Tena yanauzwa hasa, kwa sababu mama akifika kwenye meza ya kanga husoma jina kwanza ndipo aulize bei. Basi kama kuuzwa hakukuiondolea kanga ufasihi, bango nalo lisionewe.

Nimeamua kutokea Kwa Sadala, wilayani Hai, kwenye barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha, pale inapochepuka njia ya kupanda Masama. Ni mahali pa soko, na penye soko majina hayakosekani. Isitoshe, jina la mahali penyewe ni somo, kama tutakavyoona mbele.

Kampuni na shirika

Tuanze na maneno yanayotaja biashara yenyewe. Neno "kampuni" tumelipata kwa Waingereza, lakini mizizi yake ni ya Kilatini: com, yaani "pamoja", na panis, yaani "mkate". Kumbe kampuni, kwa asili, ni watu wanaokula mkate pamoja. "Shirika" limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuwa na fungu na mwenzako katika kitu kimoja. Humo humo tumepata kushiriki, mshirika na ushirikiano. Humo pia limetoka neno "ushirikina", ambalo kwanza lilikuwa kosa la kumpa Mungu mshirika kabla halijawa jina la mambo ya waganga. Maneno haya mawili yamekutana njiani. Moja linaangalia kinacholiwa, jingine linaangalia mgawo.

Sasa tazama neno hili lilivyotanda kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mkulima wa Machame ambaye ni Mlutheri, Jumapili huenda usharikani, maana hivyo ndivyo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania linavyoita jumuiya ya waumini wa mahali pamoja. Jumatatu hupeleka kahawa yake kwenye chama cha ushirika. Binamu yake Mkatoliki wa Kibosho huenda ni mtawa wa shirika fulani la masista. Na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 wote wawili waliambiwa kwamba viwanda na mabenki sasa ni mashirika ya umma, yaani wao nao wana fungu humo. Mjini Moshi kuna hata Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza mwaka 1963 kama Chuo cha Ushirika na kupandishwa hadhi mwaka 2014.

Mwanaisimu ataviita hivi vinyambuliko, kisha atafunga daftari. Mhakiki hana ruhusa ya kufunga hapo. Anapaswa kuuliza: katika milango hii yote, ni wapi ambako fungu bado linaonekana? Usharikani sadaka ya Jumapili iliyopita hutangazwa mbele ya watu, na mzee wa kanisa anayehesabu anajulikana ni mtoto wa nani. Katika shirika la umma fungu la mwananchi lilikuwa kubwa katika hotuba lakini halikushikika mkononi. Mtu hakujua akaliulizie wapi. Ndiyo maana msemo "mali ya umma", ambao ulikusudiwa kumaanisha mali ya kila mmoja, ulifika mahali ukasikika kama mali isiyo na mwenyewe. Neno halikubadilika hata herufi, ila maana yake iliondoka polepole bila kuaga.

Herufi nne na neno "Native"

Mfano mkubwa kuliko yote katika nchi ya Uchaggani ni KNCU. Mwaka 1925 wakulima Waafrika wa kahawa waliunda Kilimanjaro Native Planters' Association, chini ya uongozi wa Joseph Merinyo. Mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na Kilimanjaro Native Co-operative Union. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini kote. Sheria ya mwaka 1982 ikaviruhusu tena, na KNCU ikarudi mwaka 1984. Mwaka huo wa kurudi ukaingizwa ndani ya jina: KNCU (1984) Ltd. Kwa maneno mengine, jina hili limebeba kifo na ufufuko wake katika mabano. Ni mshairi gani angeweza kusema hayo kwa ufupi huo?

Lakini neno linalonisumbua ni hilo "Native". Kwa asili ni neno la kuzaliwa, mtu wa mahali alipozaliwa. Katika mdomo wa serikali ya kikoloni likawa tabaka la kisheria: kulikuwa na Native Authority, kulikuwa na Native Court. "Native" hakuwa mwenyeji wa heshima, alikuwa mtu wa kuamriwa. Sasa basi, kwa nini wakulima waliojitambua, waliokuwa wanapigania haki ya kulima kahawa, walijiita kwa neno la kuwadharau?

Jibu lipo katika muktadha. Walowezi wa Kizungu nao walilima kahawa kwenye miteremko ile ile, na wengi wao hawakupenda kumwona Mwafrika akiilima. Katika hali hiyo "Native" katika jina la chama liligeuka ukuta: huu ni umoja wetu sisi tuliozaliwa hapa, si wa walowezi. Neno la dharau lilichukuliwa na waliodharauliwa, likafanywa ngao. Katika fasihi tunaita hiyo kejeli, na hapa kejeli imekaa miaka zaidi ya tisini kwenye mihuri na magunia ya kahawa.

Wapo wanaosema neno hilo lilipaswa kufutwa mara baada ya Uhuru wa mwaka 1961. Mimi siafiki. Kulifuta kungekuwa sawa na kurarua ukurasa kwa sababu una habari mbaya. Malalamiko yangu ni mengine: neno limebaki lakini halisikiki, kwa sababu ya ufupisho. Sisi tunatamka herufi tu, na herufi ni kama kifuniko cha chungu. Chakula kimo ndani lakini hakinukii. Muulize kijana wa leo "N" ni nini, wengi watakuambia "National".

Ufupisho umefanya hivyo hivyo kwingine. Benki ya CRDB jina lake refu lilikuwa Cooperative and Rural Development Bank. Mwaka 1996 ilibinafsishwa, herufi zikabaki. Ushirika na vijiji vimo mle ndani bado, lakini nani anaviona? Kule Arusha Chini liko shamba la miwa na kiwanda cha sukari cha TPC, kilichoanzishwa na Wadenmark miaka ya 1930 kwa jina la Tanganyika Planting Company. Nchi yenyewe ilibadili jina mwaka 1964, herufi T haikubadilika. Na watu wa Moshi hawana habari. Wao husema tu "nakwenda Tipisii", kana kwamba ni jina la kijiji.

Kibo amepata hoteli, Mawenzi amepata hospitali

Kundi la pili ni majina ya mlima. Jina "Kilimanjaro" lenyewe halijapatiwa tafsiri moja. Krapf, katika kitabu chake cha mwaka 1860, alilieleza kuwa mlima wa ukuu au wa misafara. Thomson mwaka 1885 akaingiza wazo la weupe. Wengine wamelitafuta katika Kichaga, katika maneno ya kushindwa, yaani kitu kilichomshinda msafiri. Mimi navutiwa zaidi na hicho kiambishi ki-. Kilima ni mlima mdogo. Halafu eti ndiyo jina la mlima mkubwa kuliko yote Afrika! Wachaga wenyewe walitaja vilele viwili, Kibo na Mawenzi, kila kimoja kwa jina lake. Kibo huelezwa kuwa ni chenye madoadoa, kwa vile theluji na mwamba vimechanganyika, na Mawenzi ni kilichovunjika-vunjika. Ukikitazama kutoka barabarani, huhitaji kamusi.

Ngano inayojulikana Uchaggani inasema Kibo na Mawenzi walikuwa majirani. Mawenzi, mvivu, moto wake ulizimika, akaenda kwa Kibo kuomba moto na chakula. Akapewa. Akaenda tena, na tena. Mwishowe Kibo akakasirika, akachukua mchi akamtwanga, ndiyo maana hata leo kichwa cha Mawenzi kina mapengo.

Sasa angalia majina yalivyogawanywa. Kibo amepata hoteli kule Marangu, na biashara nyingine nyingi za mkoa zimejitwalia jina lake. Mawenzi je? Mawenzi ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa, mjini Moshi. Aliyepiga amepewa hoteli, aliyepigwa amelazwa hospitali! Sidhani kama kuna mtu alikaa mezani akayapanga hivyo. Lakini fasihi simulizi ina tabia ya kufanya kazi hata pale ambapo hakuna aliyeituma, na kazi ya mhakiki ni kuiona.

Kileleni kabisa kuna jina jingine. Hans Meyer alipofika juu mwaka 1889 alikiita kilele hicho kwa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Mwaka 1961 kikaitwa Uhuru. Hapa jina lilibadilishwa na watu wenyewe, kwa sababu waliyoijua. Nitawalinganisha baadaye na wanaobadili majina kwa sababu wasiyotuambia.

Bata, Azam na majina ya kuja

Kundi la tatu ni maneno yaliyotoka mbali na kukuta Kiswahili kina maana yake tayari. Bata ni jina la ukoo wa Tomáš Baťa, aliyeanzisha kampuni ya viatu mwaka 1894 katika mji wa Zlín, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki. Kwetu bata ni ndege. Kampuni hiyo ilikuwamo katika orodha ya zile ambazo serikali ilitangaza mwaka 1967 kwamba itachukua hisa nyingi, na kwa watoto wengi ilikuwa ni kampuni ya ndege tu. Halafu vijana wa mjini wakatuletea "kula bata", yaani kustarehe. Mcheki wa watu hakujua kwamba siku moja jina la baba yake litakuwa kitoweo.

Azam ni kinyume chake: linaonekana geni kumbe ni ndugu. Ni neno la Kiarabu lenye maana ya "mkuu zaidi", lililotamkwa kwa z kama wafanyavyo Waajemi na Wahindi. Kiswahili kililichukua kwa njia ya pwani, kwa dh, ndiyo maana tuna adhama, adhimu na maadhimisho. Tofauti yao ni ile ile ya Ramadhani na Ramazani. Basi mtoto anayelamba aiskrimu ya Azam pale stendi anaadhimisha bila kujua.

Kampuni za simu zinatupa somo jingine. Vodacom, iliyofika nchini mwaka 2000, imeungwa kwa vipande vya maneno ya Kiingereza ya sauti, data na mawasiliano. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, neno la Kiarabu la uzuri na pambo, kisha mwaka 2010 ikawa Airtel. Tigo nayo ilikuta vijana wa mitaani wamelipa neno hilo maana ambayo siwezi kuiandika humu, na mtu mzima akawa analitamka kwa kuangalia nyuma. Mwaka 2024 ikawa Yas. Pamoja na hilo, Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas.

Hapo mimi nasimama. "Pesa" ni neno lililotoka kwenye sarafu ya Wahindi, paisa, likazoea pwani, likapanda bara, likawa la kila mtu hata bibi asiyejua kusoma. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuja kwetu mwaka 2008, nusu ya maelezo ilikuwa imeshatolewa na hilo neno. Kuliondoa na kuweka "Mixx" ni kumwondolea mama wa sokoni mlango alioujua. Kilele cha Uhuru kilibadilishiwa jina ili wenyewe wajitambue, hapa jina limebadilishwa, mteja akabaki kuuliza wakala, "Hii ndiyo ile ile?" Swali hilo ni uhakiki tosha.

Kwa na Limited

Sasa turudi kwenye jina la mahali. "Sadala" linakaribiana sana na Saadalla, jina la Kiarabu lenye baraka ya Mungu ndani yake. Lakini uzito uko katika "Kwa". Nchi yetu imejaa majina haya: Kwa Mrombo na Kwa Idd kule Arusha, Kwa Azizi Ali na Kwa Mtogole pale Dar es Salaam. Kisarufi ni kihusishi kidogo tu. Kifasihi ni ahadi: hapa pana mwenyewe. Ukiuziwa kibovu unajua pa kurudi kupiga hodi.

Biashara ndogo kuliko zote nchini ina jina la namna hii hii, tena mara nyingi halina bango: "kwa Mangi". Mangi alikuwa mtawala wa Wachaga. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Uhuru ulipokuja utawala wa machifu ukaondolewa. Neno lililopoteza kiti cha enzi likapata kaunta. Leo mtoto wa Mbagala anatumwa chumvi kwa Mangi, hata kama mwenye duka ni Mpare au Mkinga. Wengine wanaona ni utani wa kumdhalilisha Mchaga. Mimi naona utani upo, lakini heshima nayo ipo: Mangi ndiye anayekopesha, na daftari lake lina jina la kila mtu wa mtaa.

Kinyume cha "Kwa" ni "Limited". Neno hili maana yake ni kwamba dhima ya wenye kampuni ina kikomo: kampuni ikianguka, wanapoteza hisa zao tu, na madeni yanaishia hapo. Silaumu utaratibu huo. Bila kikomo hicho ni wachache wangethubutu kuweka fedha zao pamoja. Ninachosema ni kwamba kwenye bango zima, pengine hilo ndilo neno pekee linaloeleza ukweli kuhusu hatari, na ndilo linalofupishwa kuwa herufi tatu na kuandikwa kwa udogo pembeni. "Kwa" linasema nitafute. "Ltd" linasema usinifuate zaidi ya hapa.

Kwamba jambo hili si la kuchezea maneno tu, tukumbuke DECI, iliyosimamishwa na serikali mwaka 2009. Kirefu cha jina lake kilibeba maneno ya maendeleo, ujasiriamali na jamii. Wanachama hawakuambiwa "kuwekeza". Waliambiwa "kupanda mbegu", kisha wasubiri "kuvuna". Ni lugha ya shamba na ya mimbari kwa pamoja. Kwa mtu aliyekua anaona mbegu ikifukiwa na mahindi yakitoka, sitiari hiyo haihitaji ushahidi, imeshajithibitisha shambani. Lakini fedha haioti. Fedha ya aliyevuna ilikuwa ni mbegu ya aliyepanda nyuma yake. Wahakiki wa fasihi tulikuwa wapi? Sisi tunaojua kutofautisha sitiari na ukweli tulikuwa tunahesabu mizani.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba jina la kampuni linaweza kuficha fungu la watu kama katika ufupisho, linaweza kugeuza tusi kuwa ngao kama "Native", linaweza kuendeleza ngano kama Kibo na Mawenzi, na linaweza kuwa mtego. Napendekeza majina haya yaingizwe katika mafunzo yetu ya uhakiki, si kama mzaha wa dakika tano za mwisho wa kipindi, bali kama matini za kujadiliwa.

Kwa ndugu msomaji ambaye hana nafasi ya kungoja mtaala, nashauri maswali matatu kila aonapo bango jipya. Neno hili limetoka wapi? Nani alilichagua, na alitaka nani alisikie? Na la mwisho, ambalo wazee waliounda chama chao mwaka 1925 wangelielewa bila kufafanuliwa: katika hili neno, fungu langu liko wapi? Bango likikosa jibu la swali hilo la tatu, uliza dirishani kabla hujafungua pochi.